Amani yenye katibu na mwenyekiti

Januari 2025 watu wa Biharamulo waliombwa jambo lililo gumu kwao kuliko kufunga: wasishikane mikono. Tarehe 20 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitika wilayani humo. Marburg huambukiza kwa majimaji ya mwili, ya mgonjwa na ya marehemu pia. Kwa hiyo kuosha maiti kukawa hatari, kumkumbatia mfiwa kukawa hatari, na kulala msibani watu ishirini kwenye chumba kimoja kukawa jambo la kuonywa na mganga wa wilaya. Tarehe 13 Machi ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Walioingia kwenye hesabu walikuwa 10, wawili wamethibitishwa na maabara na wanane wakihesabiwa kwa dalili. Wote 10 walifariki.

Kiserikali, kazi ilifanyika vizuri na haraka. Ila kwa wakazi wa Biharamulo na jirani zao wa Ngara, katazo la mikono liligusa mahali ambapo imani yenyewe hukaa. Nenda Mabawe, mojawapo ya kata za Ngara, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Muulize Mkristo wa huko alipataje kutulia baada ya kufiwa au baada ya shamba kuteketea. Hatakueleza sana habari za moyoni. Atakutajia watu: nani alikuja usiku ule ule, nani alichota maji, nani alileta kuni, nani aliongoza rozari, nani alikaa tu kwenye mkeka bila kusema neno. Amani, kwake, ina majina ya watu, na majina hayo yameandikwa mahali.

Yameandikwa kwenye daftari la jumuiya.

Jumuiya ndogondogo ya Kikristo ni kaya kumi, kumi na tano, pengine zaidi, zinazokaa jirani. Hukutana mara moja kwa wiki nyumbani kwa mmojawapo, kwa zamu. Mabenchi hayatoshi, wazee hupewa viti, akina mama hukaa kwenye mikeka, watoto hufukuzwa na kurudi. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina." Wimbo, kisha Injili ya Dominika inayofuata, kisha kimya kifupi, kisha mazungumzo yanayoanza na Injili na kuishia kwenye mbuzi wa mtu aliyekula maharage ya mtu. Kilele cha mkutano, kwa maoni yangu, hakimo kwenye ratiba ya ibada. Ni pale katibu anapofungua daftari, lile la kawaida la shule, lililopigwa mistari kwa rula, majina kushoto na wiki zikienda kulia. Anaita. Asiyeitika huulizwa. "Huyu wiki ya pili hatujamwona." Mmoja atasema ana malaria. Mwingine, kwa sauti ya chini, atasema malaria hana, ila mwanawe amerudi kutoka Mwanza mikono mitupu na mzee anaona haya kutoka nje. Hapo hapo wawili hutumwa kwenda kumwona kabla ya jua kuzama, na hawatumwi mikono mitupu: kila mtu anasema atatoa nini. Mkungu wa ndizi, kibaba cha maharage, shilingi mia tano. Katibu anaandika.

Ukitaka kujua imani inavyofanya kazi wakati wa dhiki katika pembe hii ya Kagera, anzia kwenye daftari hilo. Mahubiri yanakuja baadaye.

Askofu aliyeshika jembe

Mazoea haya yana historia. Askofu Christopher Mwoleka aliliongoza Jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996. Tangu 2008 jimbo hilo linaitwa Rulenge-Ngara. Alishika uongozi miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, wakati ambapo viongozi wengi wa dini waliutazama ujamaa kwa jicho la mashaka. Yeye alikwenda kuishi kijijini na kulima na wanakijiji. Watu walimshangaa, na wapo mapadri waliomwona kama amepotea njia. Hoja yake ilikuwa ya kiteolojia kuliko ilivyokuwa ya kisiasa: kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu halikutolewa ili tulifumbue, limetolewa ili tuliige. Kama Nafsi tatu hushirikishana kila kitu, basi kaya za kijiji nazo zishirikishane, zianze na chakula.

Ujamaa kama mpango wa uchumi ulianguka, na vijiji vyake vikaenda nao. Kilichobaki ni ile tabia ya kukaa pamoja. Mwaka 1976 AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, ulipitisha kwamba kujenga jumuiya ndogondogo kuwe kipaumbele cha kichungaji katika ukanda mzima. Sehemu nyingine agizo hilo lilikuja kama waraka kutoka juu. Rulenge lilikuta mambo yameshaanza.

Kwa Waanglikana kumbukumbu ni nyingine. Makao ya Dayosisi yao ya Kagera, iliyoanzishwa 1985, yako Murgwanza, pale Ngara, pamoja na hospitali yao. Wao wakisema "wokovu" wanarudi nyuma hadi Gahini, misheni yenye hospitali mashariki mwa Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi. Mwaka 1929 daktari wa Gahini, Mwingereza Joe Church, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasali na kusoma Biblia pamoja. Miaka michache baadaye Gahini iliwaka moto wa uamsho, na mmoja wa walioubeba alikuwa mtumishi wa hospitali hiyo, Yosiya Kinuka. Kabla ya miaka ya 1930 kwisha moto huo ulikuwa umeshavuka mpaka na kufika kwenye chuo cha walimu cha misheni cha Katoke, huku Kagera. Walutheri wa Bukoba nao waliupata. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wao na kisha Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa uamsho.

Wengi wanaukumbuka uamsho kwa wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza. Nguvu yake ilikuwa kwingine, kwenye kile walichokiita kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya ndugu na kutaja alichofanya: nimeiba, nimemchukia fulani, nimemdanganya mke wangu. Kisha alitakiwa kurekebisha. Kilichoibwa kilirudishwa kwa mwenyewe, cha hospitali kikarudi hospitalini. Wazungu waliungama mbele ya Waafrika, jambo lisilosikika katika Afrika ya kikoloni, na bosi aliomba radhi kwa mtumishi wake. Amani waliyoizungumza ilikuwa ya mtu asiye na kitu cha kuficha tena, mwenye watu wanaojua ubaya wake na bado wanamwita ndugu.

Kati ya daftari la Wakatoliki na ushuhuda wa walokole kuna tofauti nyingi, na wenyewe watakueleza kwa kirefu ukiwapa nafasi. Mimi naona undugu. Njia zote mbili zinakataa mtu ateseke peke yake.

Daraja la Rusumo

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Dunia ilikuwa haijawahi kuona watu wengi hivyo wakivuka mpaka kwa muda mfupi hivyo. Mahali walipotua paliitwa Benaco, jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa imejenga barabara. Hatimaye, pamoja na Warundi waliokimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Miti iliisha kwa kuni. Mifugo iliibwa. Chini ya maporomoko, Mto Kagera ulikuwa umebeba miili hadi Ziwa Victoria.

Ngara haikuanza ukarimu siku hiyo. Tangu mapinduzi ya Rwanda ya 1959 wakimbizi walikuwa wameshaingia, na makazi yao ya Muyenzi, wilayani humo humo, yalikuwa kati ya kazi za mwanzo za Tanganyika Christian Refugee Service, shirika lililoanzishwa 1964 na Walutheri wakishirikiana na makanisa mengine. Hospitali za kanisa, Murgwanza ya Waanglikana na Rulenge ya Wakatoliki, zilikuwapo kabla magari meupe ya mashirika hayajafika, na zilibaki yalipoondoka.

Hapa ndipo makala nyingi za imani husimama na kusifu. Mimi siwezi, kwa sababu ya Nyarubuye.

Nyarubuye ni parokia ng'ambo ya mto, si mbali na Rusumo. Katikati ya Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikimbilia kanisani wakiamini hakuna atakayewagusa humo. Waliuawa humo humo, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa kama wao. Aliyekuwa mkuu wa komuni ya Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, aliyeongoza mauaji hayo, alivuka kuja Tanzania pamoja na wakimbizi. Alikamatwa mwaka 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda pale Arusha ilimhukumu miaka 30 mwaka 2004, na mwaka 2006 rufaa ikaigeuza kuwa kifungo cha maisha.

Sasa fikiria Jumapili za Benaco. Makanisa ya maturubai yalijaa na kwaya ziliimba. Waliosali walikuwa wajane, watoto waliopotezana na wazazi, wakulima wasiojua hata kwa nini wamekimbia. Na katikati yao walikuwamo wenye damu mikononi, wakipiga makofi kwa mdundo uleule. Na Gahini, chimbuko la kutembea nuruni, iko Rwanda, nchi ileile walikotoka. Uamsho uliwahi kumfanya mtu arudishe jembe la jirani. Miaka 60 baadaye nchi yake ikapata Wakristo tele wasiothubutu kusema hadharani kwamba jirani anauawa. Wapo waliothubutu, nao wengi waliuawa.

Kutokana na hilo nimejifunza kuiogopa amani ya haraka. Mwimbaji anaweza kutulia kabisa moyoni akiwa na deni la damu, na wimbo ukamsaidia kutulia. Wazee wa uamsho waliijua hatari hiyo, ndiyo maana walidai ungamo kabla ya kufurahi. Desemba 1996, Serikali ya Tanzania ilipotaka Wanyarwanda wote wawe wamerejea kwao kabla ya mwaka kwisha, wengi walijaribu kwanza kukimbilia ndani zaidi ya nchi hii, hadi wanajeshi walipowageuza kuelekea Rusumo. Wako walioogopa kisasi kwa haki kabisa. Wako pia walioogopa kuulizwa.

Aibu iliyozidi sala

Kuna jaribu jingine ambalo kanisa la Kagera lilijikwaa kwalo, na ni vema tuseme. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 mkoani humu, katika Hospitali ya Ndolage. Kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na dawa kwa mtu wa kawaida. Matibabu ya bure ya kufubaza virusi yalianza kutolewa 2004. Katika miaka hiyo nyumba zilibaki na bibi na wajukuu. Watu waliokuwa tayari kuungama wizi mbele ya ndugu hawakuweza kutaja ugonjwa huu, kwa kuwa mimbari zilikuwa zimeshautolea hukumu. Mgonjwa aliambiwa atubu kabla hajaulizwa kama amekula.

Kilichogeuza hali vijijini, nje ya dawa, kilikuwa jambo dogo sana: wanawake wa jumuiya na wa vikundi vya akina mama wa makanisa waliokwenda kufua mashuka, kupika uji na kubadilisha godoro. Hawakutoa hotuba kuhusu unyanyapaa. Walishika ndoo. Mgonjwa akijua kwamba wanajua, na bado wameingia, kifua chake kililegea.

Kitabu cha Ayubu kinasimulia hali kama hii. Marafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema, kama watu wa msibani wanavyokaa huku kwetu. Matatizo yalianza walipofungua vinywa kumweleza kwa nini anateseka. Zaburi ya 88 nayo inaanza na kilio na kuishia gizani, bila ule mstari wa shukrani tunaoutarajia. Waliopanga Biblia waliiacha hivyo hivyo. Nadhani mhubiri anayekimbilia kumalizia kila msiba kwa "Mungu ana makusudi" angefaa kuisoma mara mbili kabla ya kupanda mimbarini.

Hata dhiki za kila siku zina sura hii ya kutobebwa na mtu peke yake. Tangu mwaka 2006 mkoa huu umekuwa ukipambana na mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria. Ukikata shina la mgomba ulioambukizwa, usaha wa manjano hutoka polepole. Ndizi huiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Dawa haipo. Mtu hung'oa, huzika, husafisha panga kwa moto au kwa jiki, na huvunja ua la mwisho wa mkungu kwa panda ya mti badala ya kulikata. Mmoja asipofanya, wa jirani anaumia. Kwa hiyo hata shambani mtu hawezi kuokoka peke yake, na mabwana shamba wenye akili hupeleka ujumbe wao kanisani, kwenye matangazo baada ya misa, kwa kuwa hapo ndipo kijiji kinapokaa kimya na kusikiliza.

Nitaje pia yanayovutia watu mbali na daftari. Mwaka 2011 taifa zima lilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo waliofia foleni, na wapo walioacha dawa zao wakafa nyumbani. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana uwanjani kwenye ibada ya kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki waliokwenda. Mama mwenye mtoto asiyepona atafunga safari popote. Ninachosema ni kwamba kwenye uwanja wa watu elfu kumi hakuna anayejua jina lako, wala atakayekuja kuuliza wiki ya pili.

Jumuiya nazo zina kasoro zao, na wanajumuiya ndio wa kwanza kuzitaja. Michango imezidi. Kuna mahali daftari limegeuka la madeni: zaka, harambee ya nyumba ya padri, sare ya kipaimara, na mtu maskini anaanza kukwepa mkutano ule ule ulioanzishwa kwa ajili yake. Mwanajumuiya asiyehudhuria huambiwa asitegemee mazishi ya kanisa, na vitisho vya namna hiyo havijawahi kumtuliza mtu. Wanaume ni wachache. Mara nyingi mwenyekiti ni mwanamume na wote waliokaa mbele yake ni wanawake. Vijana wanaona ni mambo ya wazee. Katekista wa kigango anajua haya yote kuliko mimi.

Pamoja na kasoro hizo, nikilinganisha na kila kitu kingine kinachouzwa siku hizi kwa jina la amani, kaseti, mafuta, maji, semina za hotelini, naona hakuna kinachofika karibu na kaya kumi na tano zinazokutana kila wiki. Marburg ilipokwisha Biharamulo, waliofiwa walikuwa wamezika bila mikono ya watu. Deni hilo la kukaa nao kwenye mkeka bado linalipika. Kumtembelea mfiwa baada ya miezi hakujawahi kuwa mwiko katika Kagera.

Na wewe uliyeondoka Ngara au Biharamulo ukahamia Dar es Salaam, Mwanza au Kahama, unayefuatilia mahubiri kwenye simu usiku kwa kuwa usingizi hauji: tafuta jumuiya au kikundi cha ushirika cha mtaa unaokaa. Mwulize katibu kama jina lako limo kwenye daftari. Kama halimo, liandikishe wiki hii, kabla hujapata la kukuliza.